Moscow ilitekwa, amani haikuja

Septemba 14, 1812, Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, aliingia Moscow. Wiki moja kabla, pale Borodino, jeshi lake lilikuwa limewarudisha Warusi nyuma katika mapigano ya siku moja yaliyoua na kujeruhi watu wapatao 70,000 wa pande zote mbili. Sasa mji mkongwe wa Urusi ulikuwa mikononi mwake. Alichosubiri ni Mfalme wa Urusi, Alexander wa Kwanza, aombe amani. Moto ukauteketeza mji, wiki zikapita, na Alexander hakuomba. Oktoba 19 Wafaransa wakaanza kurudi. Jeshi lililovuka mto Niemen mwezi Juni likiwa na askari zaidi ya 400,000 likaishia njiani kwa njaa, maradhi, baridi na mashambulizi.

Borodino, upande wa Warusi, alikuwapo ofisa wa Prussia, Carl von Clausewitz. Mfalme wake alipokubali kushirikiana na Napoleon, aliacha utumishi akaenda kupigana chini ya bendera ya Urusi. Alikufa kwa kipindupindu mwaka 1831. Mwaka uliofuata mkewe, Marie, akaanza kuchapisha maandishi yake makuu, Vom Kriege, yaani Kuhusu Vita.

Humo anafundisha kuwa mbinu ni namna ya kulitumia jeshi ndani ya pambano; mkakati ni namna ya kuyatumia mapambano yenyewe kufikia lengo la vita. Na lengo hilo huwekwa na siasa.

Kwa kipimo hicho, hukumu yake juu ya mwaka 1812 inashangaza. Anamlaumu Napoleon kwa kupoteza askari wengi mno njiani, lakini hamlaumu kwa kuikimbilia Moscow. Nchi kubwa kama ile, anasema, isingeshindwa ila kwa kuvunja nia ya watawala na watu wake. Napoleon alibahatisha kwamba nia hiyo ingevunjika. Serikali haikuyumba, wananchi hawakuigeuka, na ushindi wote wa uwanjani ukakosa kazi.

Ndiyo maana taarifa za vita zinazotuhesabia miji iliyotekwa na maadui waliouawa hazitoshi kutuambia nani anashinda. Kiongozi anayeamuru jeshi livuke mpaka anadaiwa jibu kabla askari wa kwanza hajafa: adui akishapigwa, ni kitu gani kitakachomfanya akubali amani?