Seva ya habari nyumbani: Pakua mara moja, isome familia nzima

Na Mwandishi Wetu, Musoma

MEI 12, 2024 nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kurasa za magazeti zilichelewa kufunguka au hazikufunguka kabisa, na hata mwenye kifurushi kamili hakuwa na la kufanya ila kusubiri.

Tukio hilo lilikumbusha jambo ambalo wasomaji wengi hulisahau, kwamba habari tunazozisoma kwa simu kwa kawaida hazimo ndani ya simu. Kila mtu anapofungua ukurasa, ukurasa huo husafiri upya kutoka kwenye kompyuta iliyo mbali. Hivyo, katika nyumba yenye wasomaji watano mjini Musoma, makala ile ile ya asubuhi huweza kupakuliwa mara tano na kulipiwa mara tano.

Dawa mojawapo ni kuwa na seva ya habari nyumbani. Seva ni kompyuta inayohifadhi kitu na kuwagawia wengine wanapokihitaji. Kompyuta moja hupakua habari alfajiri, kisha wanafamilia huzisoma kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani, bila kugusa tena kifurushi.

Wazo la mtandao wa mahali si geni mkoani Mara. Katika miaka ya 2000, mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na chuo kikuu cha KTH cha Sweden, ulijenga mtandao uliounganisha Bunda na Wilaya ya Serengeti, ukitumia nyuzi za mawasiliano zilizomo katika njia za umeme za TANESCO. Mtandao wa nyumbani ni jambo dogo zaidi, lakini msingi wake ni ule ule: vifaa vilivyo karibu viweze kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe.

Mahitaji

Tuchukue mfano wa nyumba iliyopo Nyasho. Inahitaji ruta ya Wi-Fi, ambayo huenda tayari ipo, na kompyuta moja, hata iwe ya zamani kidogo. Kompyuta mpakato inafaa zaidi, kwa kuwa betri yake huiwezesha kuendelea umeme unapokatika. Ruta haina betri; kwa hiyo nayo itafutiwe chanzo kidogo cha umeme wa akiba, la sivyo mtandao wa ndani utazimika pamoja na taa.

Programu inayofaa ni calibre, ambayo hutolewa bure. Wengi huifahamu kama programu ya kutunza vitabu, lakini ina uwezo wa kukusanya habari za magazeti kwa ratiba na kuzifunga kama kitabu kimoja. Gazeti lisilokuwemo katika orodha yake huongezwa kwa kuandika anwani ya mlisho wake wa RSS, iwapo gazeti hilo linao. Mtumiaji huchagua saa ya kupakua, idadi ya makala, na siku ambazo habari zitatunzwa kabla ya kufutwa. Izingatiwe kwamba saa hiyo inapofika programu lazima iwe imefunguliwa na kompyuta isiwe imelala.

Mipangilio mitatu

Kwanza, seva ipewe anwani isiyobadilika. Kwa kawaida ruta hugawa anwani za IP kwa kila kifaa, na anwani ya leo yaweza isiwe ya kesho. Ingia katika ukurasa wa mipangilio ya ruta, ambao mara nyingi hupatikana kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 katika kivinjari, kisha itengee kompyuta hiyo anwani moja, tuseme 192.168.1.50.

Pili, washa seva ndani ya calibre. Windows itakapouliza iwapo programu hiyo iruhusiwe, ikubalie kwa mtandao binafsi tu, si kwa mtandao wa hadhara. Baada ya hapo, mwenye simu nyumbani ataandika http://192.168.1.50:8080 na kusoma ndani ya kivinjari, bila kuweka programu nyingine yoyote.

Tatu, hakikisha simu zote zimo katika mtandao mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama. Simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya wageni haitaiona seva, kwani mtandao huo hutengwa makusudi. Vivyo hivyo, baadhi ya ruta zina mpangilio unaozuia vifaa visionane. Uzimwe kwa mtandao wa familia.

Aidha, badilisha neno la siri lililokuja na ruta, na usifungue njia ya kuifikia seva kutoka nje. Anwani zinazoanza na 192.168 hutumika ndani tu, na hiyo ni sehemu ya usalama wake.

Mipaka yake

Kwa sababu hiyo hiyo, ndugu aliyeko Bunda hawezi kuisoma seva ya Musoma kwa kuandika anwani hiyo. Anaweza kujenga ya kwake, au kutumiwa faili la siku. Bibi aliyeko Butiama, ambaye hana intaneti nyumbani, anaweza kupelekewa habari za juma zima katika flashi kwa mkono wa anayesafiri, mradi huko kuwe na kompyuta ya kuzifungulia.

Ikumbukwe pia kwamba habari hizo ni mali ya wenye magazeti, na zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kusoma na familia ni jambo moja. Kuwafungulia wateja wa duka au mtaa mzima ni jingine. Anayekusudia hivyo apate kwanza ridhaa ya wachapishaji, na aulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuhusu leseni.

Hatimaye, seva haitengenezi habari. Nyaya zikikatika tena usiku, asubuhi itakuwa na kile ilichopakua jana, si zaidi. Lakini familia itakuwa na cha kusoma, na mtandao utakaporejea, habari zitapakuliwa mara moja kwa ajili ya wote.