Sumaku Haitoshi Kuchagua Stenlesi

Kakamega ni nchi ya mvua. Karibu na msitu hunyesha takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na geti la chuma cha kawaida lililokwanguka rangi halichelewi kushika kutu. Si ajabu basi wenye nyumba wanakimbilia vyuma vya ngazi vya stenlesi, nao wafugaji mikebe ya maziwa ya stenlesi. Wengi huenda dukani na sumaku mfukoni: ikinasa, chuma ni bandia, isiponasa, ni halisi. Kipimo hicho kinawatia watu hasara.

Kinachokinga stenlesi ni kromi, angalau asilimia 10.5. Kromi hushikana na oksijeni na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma cha aina hiyo mwaka 1913. Tangu hapo chuma hiki kimezaa koo nyingi, zinazotajwa kwa namba.

Ile iitwayo 430 haina nikeli. Sumaku huinasa, lakini ni stenlesi halali yenye kromi asilimia 16 hadi 18, na ndani ya nyumba inafaa kabisa. 304 ina kromi kama asilimia 18 na nikeli 8. Kwa kawaida sumaku haiinasi, na ndiyo ya maziwa na sinki. 316 huongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3 ili ihimili chumvi. Hiyo waachiwe watu wa Lamu na Mombasa. Hapa, mbali na bahari, ni kutupa pesa.

Shida ni 201. Humo sehemu ya nikeli imeondolewa na manganisi kutiwa badala yake, kwa sababu nikeli ni ghali. Sumaku haiinasi, inang'aa sawasawa na 304, lakini kutu huivaa mapema zaidi. Anayeuziwa hiyo kwa bei ya 304 ameibiwa, na sumaku yake haikumwambia lolote.

Lakini stenlesi duni si lazima iwe chaguo baya. Katika viwanda vya sukari, kama vile vya Kabras na Butali hapa kwetu, miwa huingia na mchanga na maji yenye asidi. Chuma cha kawaida hushika kutu, mchanga ukaikwangua, kutu ikaanza tena, hadi chuma kikaisha. Afrika Kusini walitengeneza 3CR12, yenye kromi kama asilimia 12 tu, na viwanda vyao vya sukari vikaipokea. Hubadilika rangi, ila hudumu, na bei yake ni nafuu kuliko 304.

Hata 304 halisi huharibiwa na mikono. Fundi wa jua kali akiisugua kwa diski aliyokatia chuma cha kawaida, chembe za chuma hicho hubaki juu yake na kushika kutu. Weusi unaobaki baada ya kuchomelea nao usafishwe hadi uishe, kwani chini yake kromi imepungua. Na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini isilale kwenye sinki: hutoboa vishimo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji cheti cha kiwandani au akuonyeshe namba iliyopigwa kwenye bamba, kisha namba hiyo iandikwe kwenye risiti. Akikataa, nenda duka jingine.