Neno Moja, Elimu Mbili za Dini: Kiswahili katika Tasnifu za Theolojia

Msafiri atokaye Chalinze kwenda kaskazini hufika Segera, wilayani Handeni, ambapo njia hugawanyika: mkono wa kulia Muheza na Tanga, mkono wa kushoto Korogwe na Moshi. Hapo Waislamu na Wakristo hukaa na kufanya biashara pamoja, na humtaja Mungu kwa jina lile lile. Mtafiti wa shahada ya uzamivu katika theolojia linganishi akishuka hapo na hojaji yake, huenda akadhani kwamba wazungumzaji wenyewe wamekwisha kumalizia kazi ya lugha. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza.

Tuchukue neno dhambi, lenye asili ya Kiarabu. Katika mafundisho ya Kiislamu, dhambi ni tendo la mtu mwenyewe aliyekwisha baleghe. Mtoto huzaliwa katika fitra. Makanisa mengi, kwa upande wao, hufundisha dhambi ya asili, yaani hali anayozaliwa nayo kila mwanadamu. Basi hojaji ikiuliza kama mtoto mchanga ana dhambi, majibu yatakayopatikana hayapimi tofauti ya imani peke yake, bali pia tofauti ya maana. Je, anayesema ndiyo na anayesema hapana wanapingana, au kila mmoja anazungumzia jambo lake? Hili ni swali la falsafa ya dini kabla ya kuwa swali la takwimu.

Neno neema lina mtego mkubwa zaidi. Kwa mkulima wa Handeni, wilaya iliyozoea ukame, mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Matumizi hayo yako karibu na asili yake ya Kiarabu. Wafasiri wa Biblia walilitwika neno hilo mzigo mwingine: upendeleo wa Mungu umwokoao mtu asiyestahili. Muislamu anayemsikiliza mhubiri hulielewa kila neno la sentensi, na hoja ikampita.

Hali hii ina historia. Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyefariki mwaka 1882, na waliomfuata walifasiri Biblia kwa lugha iliyokwisha lelewa na Uislamu kwa karne nyingi. Biblia nzima ilitoka mwaka 1891. Mwaka 1923 mmisheni mwenzao, Kanoni Godfrey Dale, alichapisha tafsiri ya Kurani yenye maelezo ya kuutetea Ukristo. Tafsiri ya Waahmadiyya ikafuata mwaka 1953, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ikakamilika mwaka 1969, huku mwandishi akizikosoa zote mbili zilizotangulia. Naona mabishano hayo yana faida kwa mwanaisimu kuliko kamusi nyingi, kwa maana kila upande ulilazimika kueleza neno lina maana gani na halina maana gani.

Wanazuoni wakubwa nao hawakusalimika. John Mbiti, aliyepata uzamivu Cambridge mwaka 1963 kwa utafiti kuhusu mambo ya mwisho katika Agano Jipya na miongoni mwa Wakamba, aliyatumia baadaye maneno sasa na zamani kuelezea dhana ya Kiafrika ya wakati, akidai kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo. Lakini ushahidi wake wa nyakati za vitenzi ulitoka katika Kikamba na Kigikuyu. Kiswahili alikiazima majina tu. Mswahili mwenye akhera na kiyama katika sala zake za kila siku angalikuwa na la kusema.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiingereza na aiache kauli ya msailiwa katika Kiswahili chake, pamoja na dini ya msemaji, kando ya tafsiri. Neema ikigeuzwa Kiingereza ukurasa wa kwanza, mtahini hana tena njia ya kujua iwapo aliyeulizwa alikuwa akizungumzia wokovu au mahindi.