Chumba cha Mahututi kwa Mgonjwa wa Ini

Mara nyingi tunaulizwa: kuna faida gani kugharimia chumba cha wagonjwa mahututi kwa mtu ambaye ini lake limejaa makovu? Ni kweli, makovu hayo hayaondolewi pale. Kinachotibiwa ni tatizo lililomwangusha: kutapika damu, maambukizi katika maji ya tumboni, au kuchanganyikiwa.

Anayetapika damu hupewa mapema antibiotiki na dawa ya kupunguza msukumo katika mishipa ya tumbo, kisha mishipa inayovuja hufungwa kwa endoskopi ndani ya saa 12. Damu huongezwa kwa kiasi, kwa kawaida himoglobini ikishuka chini ya 7, kwani ikizidi msukumo hupanda na mshipa huweza kuvuja tena. Aliyechanganyikiwa hupewa laktulosi, apate choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Viungo vingine navyo vikishindwa, familia huelezwa ukweli na mgonjwa hutunzwa asiteseke.

Kwa hiyo tunaziomba sharika: dalili hizo zikionekana, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya homa ya ini B kwa watoto wachanga ilianza Tanzania mwaka 2002. Waliozaliwa kabla wahimizwe kupima.