Gari Dogo Katika Barabara ya Malori: Mambo Anayopaswa Kuyafahamu Kila Mkazi

Magari madogo ya abiria, kama vile Toyota Vitz, Passo na IST, yamekuwa sehemu ya maisha ya kila siku katika kata nyingi nchini. Hutumia mafuta kidogo, na ndiyo yanayotegemewa kuwafikisha wagonjwa hospitalini, wanafunzi shuleni na familia misibani. Hata hivyo, magari hayo hutumia barabara moja na mabasi, malori ya mchanga na semitrela. Makala haya yanaeleza kwa nini waliomo katika gari dogo huumia zaidi linapogongana na gari kubwa, na hatua zinazoweza kuwapunguzia hatari hiyo.

Uzito na mgongano

Chukua mfano wa gari la tani 1 na jingine la tani 2 yanayogongana ana kwa ana, kila moja likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Gari zito hulisukuma jepesi, na yote mawili yakishikamana huendelea kuelekea kule lilikokuwa likienda lile zito, kwa takriban kilomita 20 kwa saa. Mwendo wa gari zito umebadilika kwa kilomita 40 kwa saa. Gari jepesi limesimamishwa na kurudishwa nyuma, hivyo mwendo wake umebadilika kwa kilomita 80 kwa saa, yaani mara mbili zaidi, ndani ya muda usiozidi kupepesa jicho. Badiliko hilo la ghafla ndilo linaloumiza mwili wa binadamu.

Jambo hili limethibitishwa kwa majaribio. Mwaka 2009, taasisi ya utafiti wa usalama barabarani ya Marekani ijulikanayo kwa kifupi IIHS iligonganisha magari madogo matatu na magari makubwa kidogo ya watengenezaji hao hao. Kila gari lilikwenda kwa kilomita 64 kwa saa. Miongoni mwake ilikuwamo Toyota Yaris, ambayo wakati huo nchini Japani iliitwa Vitz, iliyogonganishwa na Toyota Camry. Magari yote matatu madogo yalikuwa yamepata alama nzuri awali, yalipogongeshwa kwenye kizuizi maalumu. Yalipokutana na magari mazito zaidi, yote matatu yalipata alama duni. Kwa hiyo, alama nzuri ya usalama ya gari dogo haiondoi tofauti ya uzito.

Hatari ya pekee ya malori

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye shehena kufikia tani 56. Gari dogo la tani 1 likikabiliana nalo, takriban mshtuko wote hubebwa na gari dogo. Dereva wa lori huweza kuuhisi kama breki iliyokanyagwa kidogo.

Kimo nacho kina madhara yake. Sehemu ya mbele ya gari dogo hutengenezwa ili ikunjike na kumeza nguvu ya mgongano kabla haijawafikia abiria. Lakini sakafu ya tela huwa juu kuliko boneti. Gari dogo likiligonga tela kwa nyuma, boneti huweza kupita chini yake bila kukunjika ipasavyo, na kigongwacho kwanza ni kioo cha mbele, mahali vilipo vichwa vya abiria. Hii ndiyo sababu lori lililoharibika na kuachwa barabarani usiku bila taa wala viakisi mwanga ni hatari kubwa mno.

Hatua za kujikinga

Mkanda. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kufunga mkanda huweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria wa gari hadi asilimia 50. Abiria wa nyuma wafunge pia. Asiyefunga hurushwa mbele na kumwumiza aliyeketi mbele yake. Vilevile, abiria anayezidi idadi ya viti hana mkanda wa kumlinda. Watoto wakae nyuma, na mtoto mchanga asipakatwe katika kiti cha mbele.

Mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayopaswa kumezwa na gari wakati wa ajali huongezeka mara nne. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kinawalinda waendao kwa miguu na waliomo garini pia.

Nafasi. Dereva achague nguzo au mti kando ya barabara. Lori la mbele likiipita alama hiyo, ahesabu sekunde 3 kabla ya yeye kuifikia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nafasi hiyo ni takriban mita 67. Aidha, asiyeviona vioo vya pembeni vya lori ajue kwamba dereva wa lori naye hamwoni.

Kupita. Dereva asilipite lori kwenye kona, mlimani au darajani. Basi likija kwa kasi katika upande wake, apunguze mwendo na kusogea pembeni mapema, hata kama haki ni yake. Wahenga walinena: mwenye nguvu mpishe.

Kuharibikiwa. Gari lisogezwe nje ya barabara, taa za tahadhari ziwashwe na pembetatu ziwekwe mbali nyuma yake. Matawi ya miti hayaakisi mwanga, na hayapaswi kuachwa barabarani gari linapoondoka.

Kutoa taarifa

Alama iliyong'olewa, shimo au ukingo wa barabara uliomomonyoka huweza kumlazimisha dereva wa gari dogo kuingia katika njia ya lori. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, ilhali barabara za wilaya, vijijini na mijini husimamiwa na TARURA. Mkazi asiyejua barabara husika iko chini ya nani atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata, akitaja mahali kwa usahihi, ili ifikishwe panapostahili. Lori lililoachwa barabarani bila tahadhari ni jambo la dharura. Jeshi la Polisi lipigiwe simu mara moja kupitia namba 112, kabla giza halijaingia.