Waholanzi na Tuta la Wote

Ukitaja Uholanzi mbele ya watu, wengi watakumbuka jezi za rangi ya machungwa, maua ya tulipu, jibini na vinu vya upepo. Vyote ni vya kweli, na vingine vina historia ndefu: rangi ya machungwa inatokana na ukoo wa Orange, ambao mkuu wao Willem aliongoza uasi dhidi ya Hispania katika karne ya 16. Lakini vitu hivi peke yake haviwaelezi Waholanzi. Hoja yangu ni kwamba urithi wao mzito kuliko wote ni utaratibu: namna walivyojifunza, kwa kulazimika, kugawana kazi, gharama na sauti katika kuyazuia maji. Anayeanzia kwenye tuta ataelewa kwa urahisi zaidi kwa nini wanathamini sana vikao, kwa nini mfanyakazi hupingana na bosi wake waziwazi, na hata kwa nini wachoraji wao wakubwa walichora wajumbe wa kamati.

Karibu robo ya nchi iko chini ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Schiphol umejengwa mahali palipokuwa sakafu ya ziwa la Haarlemmermeer, mpaka pampu za mvuke zilipomaliza kulikausha mwaka 1852. Habari hii husimuliwa mara nyingi kama vita kati ya mwanadamu na bahari. Ukweli una uchungu zaidi. Sehemu kubwa ya magharibi ya nchi ilikuwa kinamasi, chenye udongo wa mimea iliyooza unaoshika maji kama sifongo. Kuanzia karne ya 11 hivi, wakulima walichimba mitaro maji yatoke wapate kulima. Udongo ulipokauka ulinywea, ardhi ikashuka, maji yakarudi, wakachimba tena. Kwingine waliukata udongo huohuo, wakaukausha na kuuuza mijini uchomwe badala ya kuni, na mashimo yaliyobaki yakawa maziwa. Vinu vya kuinua maji, vilivyoanza mwanzoni mwa karne ya 15, vilikuwa njia ya kulipa deni lililoachwa na wazee, na kila kizazi kilirithi shamba pamoja na deni lake.

Deni la namna hiyo halilipwi na mtu mmoja. Tuta refu likibomoka mita chache tu, kazi ya wote waliotunza vipande vyao imepotea bure. Ndipo zikazaliwa bodi za maji. Ile ya Rijnland, katika eneo la mji wa Leiden, ina hati ya mwaka 1255 na inafanya kazi mpaka leo. Katika sheria za kale za matuta, mwenye shamba alipewa kipande chake cha kutunza, na wakaguzi walikipitia kukitazama. Aliyeshindwa kabisa alichomeka sepetu yake kwenye kipande kile na kuondoka. Shamba halikuwa lake tena. Aliyeing'oa sepetu hiyo alilichukua shamba, na wajibu wa tuta ukamwangukia yeye. Ni sheria kali, hata ya kikatili kwa familia iliyofukarika, lakini mantiki yake iko wazi: haki ya kumiliki haitenganishwi na kazi inayowalinda majirani. Na kwa kuwa kila mmoja alilazimika kuchangia, kila mchangiaji alitaka kujua fedha zimekwenda wapi. Leo bodi hizo ziko 21, zina kodi zao zenyewe na wajumbe wengi wa kuchaguliwa.

Mazoea ya kuchanga na kuhesabiana yalienea mbali na matuta. Ziwa la Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikaushwa kufikia mwaka 1612 kwa mtaji uliochangwa hasa na wafanyabiashara wa mjini, kwa vinu zaidi ya 40 vilivyopandisha maji hatua kwa hatua. Katika sanaa, wakati mchoraji Velázquez akiitumikia ikulu ya mfalme wa Hispania, wenzake wa Uholanzi waliishi kwa fedha za raia. Picha maarufu ya Rembrandt ya mwaka 1642, iitwayo kwa kawaida “Doria ya Usiku”, inaonyesha kikosi cha mgambo wa Amsterdam, na waliochorwa walichangia malipo. Majina yao yameandikwa kwenye ngao ndani ya picha. Miaka 20 baadaye alichora wakaguzi watano wa nguo wakiwa mezani na daftari lao, na mtumishi wao amesimama nyuma. Sisemi kwamba maji ndiyo yaliyomfundisha Rembrandt kushika brashi. Ninachosema ni kwamba jamii inayoona kikao cha wakaguzi kuwa jambo la kutundikwa ukutani imeshakubali kuwa madaraka ni ya watu wanaokaa pamoja.

Wapo wanahistoria wanaoipinga hoja ya namna hii, na hawapuuziki. Wanakumbusha kwamba wenye ardhi kubwa ndio waliokuwa na kauli katika bodi za maji, huku maskini wakibeba udongo kwa ujira mdogo. Wanaongeza kuwa kuyaita maridhiano ya Kiholanzi kwa jina la polda, yaani ardhi iliyokaushwa, kulienea miaka ya 1990 tu, watu walipotaka kueleza makubaliano ya waajiri na vyama vya wafanyakazi yaliyofikiwa katika mji wa Wassenaar mwaka 1982. Ninakubali yote mawili. Bodi hazikuwa demokrasia. Lakini hoja yangu haihitaji usawa. Inahitaji kutegemeana tu. Tajiri aliyemdharau jirani yake bado alihitaji kipande cha jirani huyo kisimame usiku wa dhoruba, na kwa hiyo alilazimika kuzungumza naye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba utajiri wa Uholanzi wa karne ya 17 haukutoka kwenye matuta peke yake. Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilivamia visiwa vya Banda mwaka 1621 chini ya Jan Pieterszoon Coen, ikaua na kuwafukuza wenyeji karibu wote ili ihodhi kungumanga. Katika koloni lao la Suriname utumwa ulifutwa mwaka 1863, na wengi wa waliokombolewa wakalazimishwa kubaki mashambani kwa mkataba miaka 10 zaidi. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa utumwa huo Julai 1, 2023. Hapa hakuna la kutetea. Watu waliokubaliana nyumbani walitumia ustadi uleule wa kuchanga mtaji na kutunza vitabu kuwakandamiza wengine ambao hawakupewa kiti mezani. Urithi wa Waholanzi usielezwe bila Banda na Suriname, kwa sababu hapo ndipo mpaka wa maridhiano yao unapoonekana.

Wengine watasema vikao vya matuta vimepitwa na wakati, siku hizi wanaamua wahandisi. Kweli, usiku wa kuamkia Februari 1, 1953 bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi na kuua watu 1,836, na serikali ikachukua usukani wa miradi mikubwa ya kuzuia bahari, iitwayo ya Delta. Hata hivyo, mpango wa kuifunga kabisa Oosterschelde, mkono wa bahari wa eneo hilo, ulipingwa na wavuvi na watetezi wa mazingira, kwani mazingira ya maji ya chumvi yangekufa pamoja na kome na chaza wake. Serikali ikabadili mchoro. Kizuizi kilichofunguliwa mwaka 1986 kina milango 62 ya chuma ambayo kwa kawaida hubaki wazi na hushushwa dhoruba inapokuja. Kiligharimu fedha nyingi zaidi kuliko tuta la kawaida.

Na ugomvi wa zamani unaendelea. Kwenye malisho ya udongo ule wa kinamasi, wafugaji wanataka maji yashushwe ili ng'ombe na matrekta yasizame, lakini ardhi iliyokauka huzidi kushuka na kutoa hewa ya ukaa, na nguzo za mbao zinazobeba nyumba za zamani huoza maji ya chini yanapopungua. Bodi za maji ndizo zinazopanga kiwango cha maji katika kila mtaro. Zikiyapandisha, mfugaji anapoteza malisho. Zikiyaacha chini, mwenye nyumba atakuta ukuta umepasuka. Nani alipe fidia, na kwa kiasi gani, ndilo swali linalogombaniwa sasa katika vikao vyao.