Dume wa korodani moja: Kasoro isiyoulizwa katika ununuzi wa mbwa Mwanza

WANUNUZI wa mbwa wa ulinzi jijini Mwanza, kuanzia Capri Point na Isamilo hadi Nyakato na Buswelu, kwa kawaida huuliza mambo mawili: iwapo mtoto huyo wa mbwa ni dume, na iwapo baba yake ni mkali. Swali la tatu ni nadra kusikika, pengine kwa sababu ya haya: je, korodani zake zote mbili zimeshuka?

Mbwa dume huzaliwa korodani zikiwa bado hazijafika mahali pake. Hupita kwenye kinena na kuingia katika mfuko wake siku na majuma ya mwanzo baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida huweza kupapaswa kwa vidole anapofikisha wiki 8. Kwa kuwa wakati huo ni ndogo mno, na hupanda juu mtoto akiogopa au akiguswa kwa mikono ya baridi, daktari wa mifugo hupima zaidi ya mara moja kabla ya kutoa uamuzi. Ikifika miezi 6 na mojawapo haijaonekana, haitarajiwi tena kushuka.

Hapo ndipo wafugaji wengi hujidanganya. Korodani iliyobaki tumboni haitengenezi mbegu kwa sababu ya joto la mwili, lakini huendelea kutoa homoni. Mbwa huyo hunguruma, hupigana na kufukuza majike kama wenzake, na korodani iliyoshuka humwezesha kutunga mimba bila taabu. Mwenye mbwa akiona watoto wamezaliwa, huridhika kwamba dume wake ni mzima, kumbe amekwisha kuisambaza kasoro hiyo, kwani hurithiwa. Mbwa jike naye huweza kuibeba katika vinasaba vyake pasipo dalili yoyote.

Korodani iliyokwama ina hatari ya kupata uvimbe wa saratani zaidi ya mara 10 ya ile iliyoshuka, na huweza kujisokota tumboni na kumletea mnyama maumivu makali. Tiba ni kumhasi kwa upasuaji na kuziondoa zote mbili. Kuishusha kwa kisu ili dume aonekane kamili na kuuzwa kuwa mbegu bora ni ulaghai tu.

Jambo la pili ni umri. Dume huanza kuinua mguu na kutafuta majike kati ya miezi 6 na 12, lakini kupandisha si kukomaa. Kwa mbwa wakubwa wa ulinzi, kama wale wa asili ya Ujerumani, mifupa huendelea kukua hadi kati ya miezi 12 na 18. Aina hizo pia hurithi ulegevu wa maungio ya nyonga, ambao hupimwa kwa uhakika kwa picha ya eksirei mbwa akiwa na miaka 2. Mfugaji makini husubiri hadi hapo.

Chakula nacho huonekana miguuni. Mtoto wa mbwa anayelelewa kwa ugali mtupu, au kwa nyama tupu isiyo na madini ya chokaa, huota matege. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huliwa wazima pamoja na mifupa yao, husaidia sana mradi wawe safi, bila mchanga. Mapanki ya sangara yanahitaji uangalifu, kwa kuwa miiba yake huweza kukwama kooni.

Kuna pia suala la chanjo. Mtoto hapaswi kutengwa na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo za pavo na distempa huanza kati ya wiki ya 6 na 8 na kurudiwa hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3. Uzito wa distempa ulionekana mwaka 1994 Serengeti, hifadhi inayokaribia ziwa upande wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma: takriban theluthi moja ya simba walikufa, na watafiti waliwahusisha mbwa wa vijiji jirani na chanzo cha maambukizi. Tangu mwaka 2003 kumekuwapo kampeni za kuwachanja mbwa wa vijiji vinavyoizunguka.

Mbwa jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 63 na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wateja wakichukua madume peke yao, majike wasiotakiwa hutupwa masokoni na mialoni bila chanjo, na huko huzaana ovyo. Kichaa cha mbwa, dalili zikishajitokeza kwa binadamu aliyeumwa, karibu hakina tiba.

Mnunuzi afikapo kwa mfugaji anaweza kuomba kumwona mama, kusoma kadi ya chanjo, na kuuliza dada za mtoto huyo wamepelekwa wapi.